Mwanga, elektroni, sindano au joto: njia ipi ya kuchungulia mchanganyiko wa plastiki zako?

Nguzo iliyovunjika ilifika mezani kwangu imefungwa kwa gunia. Mwenyewe ni kijana mwenye karakana nje kidogo ya Kisumu. Anayeyusha majerikeni makuukuu pamoja na magunia ya plastiki, kisha anamimina uji ule kwenye kalibu za chuma kupata nguzo za ua. Nguzo zake za mwanzo zilikuwa zikipinda bila kuvunjika. Hizi za sasa fundi akigonga msumari zinakatika kama muwa.

"Mwalimu," akaniambia, "nimesikia kuna hadubini ya elektroni. Nitafute pesa nizipeleke huko?"

Nilimwomba angoje. Swali kama lake huniletea pia wanafunzi wa kemia na uhandisi kutoka Maseno, Kakamega, Bondo na Njoro wanapoandaa tasnifu, na wengi huanza na mashine: wanataka picha ya ile yenye sifa kubwa zaidi. Mimi huanza na plastiki zenyewe. Je, hizo mbili zilizo ndani ya sampuli yako zinatofautianaje, na jicho gani linaweza kuiona tofauti hiyo? Hadubini ya thamani ya nyumba kadhaa haitakuonyesha kitu ikiwa kwa jicho lake plastiki zote mbili zina sura moja. Ndiyo maana ulinganisho huu hauzipangi njia kutoka dhaifu hadi yenye nguvu. Unazipanga kwa kile ambacho kila moja huona na kile ambacho haioni.

Visiwa na bahari

Plastiki mbili zikiyeyushwa pamoja mara nyingi hazichanganyiki kweli. Molekuli za sukari na maji ni ndogo, na zinapotawanyika hupata uhuru mwingi wa kujipanga. Mnyororo wa polima, yaani molekuli ndefu ya plastiki, una maelfu ya viungo vilivyofungwa pamoja, kwa hiyo uhuru unaopatikana kwa kuchanganyika ni mdogo mno, na uadui kidogo tu kati ya aina mbili unatosha kuzitenga. Paul Flory, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1974, ni mmoja wa walioandika hesabu ya jambo hili.

Kinachobaki ni visiwa katika bahari: plastiki iliyo nyingi huwa bahari, iliyo chache hukaa humo kama matone. Ukubwa wa matone ndio unaoamua mengi kuhusu nguvu ya kifaa. Tazama mchuzi wenye mafuta. Ukiukoroga, matone ya mafuta hupasuka kuwa madogo. Ukiuacha utulie, hukutana na kuungana tena. Mwanafizikia wa Uingereza G. I. Taylor alieleza mwaka 1934 jinsi tone linavyopasuka ndani ya kimiminika kinachokorogwa, na hadi leo watu wa plastiki hutumia kanuni zake. Mkorogo mkali huleta matone madogo, mvutano mkubwa baina ya plastiki hizo mbili huleta makubwa, na tone lililo zito kama uji mzito, linalotiririka kwa shida kupita kiasi kuliko bahari yake, hukataa kupasuka.

Ukubwa unaozungumzwa ni upi? Katika polistirini iliyotiwa mpira ili isivunjike upesi, chembe za mpira huwa na upana wa mikroni moja hivi hadi chache (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kwa nailoni iliyotiwa mpira, mtafiti Souheng Wu alionyesha mwaka 1985 kwamba ukakamavu hupanda ghafla pale umbali kati ya chembe moja na jirani yake unaposhuka chini ya mikroni 0.3 hivi. Kwa nguzo iliyopoa polepole kwenye kalibu nene, matone yanaweza kufika makumi ya mikroni. Hapo ndipo uchaguzi wa chombo unapoanzia.

Hadubini ya mwanga, inayodharauliwa bure

Hadubini ya kawaida ya maabara ya shule au hospitali haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya mikroni 0.2. Huo ni mpaka wa mwanga wenyewe, na lenzi ya bei ghali haiusogezi. Lakini kama matone yako ni ya mikroni 2 au 20, mpaka huo haukuhusu.

Ugumu wake uko kwenye kukata. Kipande lazima kiwe chembamba, na kisizidi sana upana wa matone yenyewe. Ukikata mikroni 20 wakati matone ni ya mikroni 2, utaona matone kumi yaliyolaliana kama samaki kwenye kapu, na utapima kivuli. Mikrotomu, mashine ya kukata vipande vyembamba, ile ile ambayo maabara za hospitali hukatia tishu kwa unene wa mikroni 3 hadi 5 inaweza kufanya kazi hii ukiipoza sampuli vizuri. Wembe mpya na mkono mtulivu hutoa kipande kinachofaa kwa mtazamo wa kwanza.

Halafu inakuja tofauti ya sura. Polistirini hupinda mwanga kwa kiasi tofauti na polithini: kipimo cha kwanza ni 1.59, cha pili kati ya 1.51 na 1.54. Kingo za matone huonekana bila shida. Polipropilini ina 1.49, karibu mno na polithini, na hapo unahitaji hadubini ya utofauti wa awamu, inayogeuza tofauti ndogo za kupinda mwanga kuwa weusi na weupe, ile iliyompa Frits Zernike Nobel ya fizikia mwaka 1953.

Kwa majerikeni na magunia kuna njia nyingine ninayoipenda kuliko zote, nami nashangaa ni wachache wanaoifundisha. Majerikeni ni polithini nzito, huyeyuka karibu na nyuzi 130. Magunia ya kufuma ni polipropilini, huyeyuka karibu na nyuzi 165. Weka kipande chembamba kati ya vioo viwili kwenye meza ya joto ya hadubini, weka vichujio viwili vya polaraiza vilivyopishana (vinazuia mwanga usipite isipokuwa penye fuwele), kisha pandisha joto taratibu. Kwenye baridi kila kitu kinang'aa, kwa sababu plastiki zote mbili zina fuwele. Ukifika nyuzi 145 polithini imeyeyuka na kuwa nyeusi, lakini polipropilini bado ina fuwele zake, nayo inabaki ikimeta kama taa za wavuvi wa omena ziwani usiku. Hakuna rangi, hakuna sumu, hakuna dhahabu. Mara ya kwanza nilipoiona nilinyamaza kwa muda mrefu.

Angalizo moja: usiandae kipande kwa kuiyeyusha plastiki na kuikandamiza kati ya vioo. Ukifanya hivyo matone yataungana upya, na utakuwa unapiga picha ya kazi yako wewe, si ya kiwanda.

SEM: picha nzuri, maandalizi magumu

Hadubini ya elektroni inayopitisha mwale juu ya uso wa sampuli, ambayo kila mtu huiita SEM, huona hadi nanomita chache (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikroni), na ina kina cha kuonekana ambacho mwanga hauna. Uso uliovunjika wenye mabonde na vilima unatoka wote ukiwa wazi. Kwa mchanganyiko wa plastiki hili ni jambo kubwa: unaona matone yaliyong'oka na kuacha mashimo laini kama kikombe, ishara kwamba plastiki hizo mbili hazikushikana. Ukiona matone yaliyovunjika pamoja na bahari yake, au nyuzi zilizonyooshwa kati ya tone na ukingo wake, mshikamano upo. Mtu aliyeongeza kipatanishi, yaani kitu cha kushikanisha plastiki zisizopatana, kwa mfano polipropilini iliyopandikizwa anihidraidi ya maleiki katika mchanganyiko wa polipropilini na nailoni, anaweza kuona mashimo yakipungua na matone yakisinyaa. Hadubini ya mwanga haitakupa habari hiyo.

Ila sampuli lazima ivunjwe ikiwa imeganda. Friji ya nyumbani haitoshi, maana polithini hubaki nyumbufu hata chini sana ya sifuri. Inahitajika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Wanafunzi hudhani hiki ni kitu cha Nairobi tu. Lakini mfugaji yeyote wa ng'ombe wa maziwa upande wa Nakuru anaijua ile mitungi inayofuka moshi mweupe, ambayo watu wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa huja nayo. Ni kitu kile kile. Loweka sampuli dakika kadhaa, vaa miwani na glovu, fanya kazi mahali penye hewa, kisha uivunje kwa pigo moja. Usiikate, usiipinde.

Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo hupakwa tabaka la dhahabu la nanomita chache, la sivyo chaji hujaa na picha humemetuka hadi haisomeki.

Na hapa ndipo ninapomwonya mtu wa polithini na polipropilini. Kwa jicho la elektroni plastiki hizo ni kaboni na haidrojeni zote mbili, bila tofauti ya uzito wa atomi. Uso uliovunjika hautakuambia lipi ni tone na ipi ni bahari isipokuwa umbo lenyewe likusaidie. Kwa michanganyiko mingine tunatoa plastiki moja kwa kiyeyushi na kuacha mashimo yake: toluini kwa polistirini, asidi ya fomiki kwa nailoni, klorofomu kwa PLA (plastiki inayotengenezwa kwa mimea), na polithini au polipropilini hubaki bila kuguswa kwenye joto la chumba. Lakini polithini na polipropilini zenyewe, ambazo ndizo nyingi zaidi kwenye majaa yetu, hakuna kiyeyushi cha kawaida kinachozitenganisha kwa joto hilo. Kuna mchanganyiko wa pamanganeti na asidi kali unaozitafuna kwa viwango tofauti. Huo ni kazi ya mtu aliyefunzwa, kwenye chemba ya moshi, na si wa kujaribu karakanani.

Kwa PVC hali ni bora. Klorini ni nzito kuliko kaboni, kwa hiyo kigunduzi cha elektroni zinazorudi nyuma huionyesha ikiwa nyeupe bila maandalizi ya ziada. Ukishuku kwamba kuna vipande vya mabomba au nyaya vilivyojipenyeza kwenye plastiki yako, SEM ndiyo ya kwanza.

AFM na TEM

Hizi mbili watu huzichanganya kwa kuwa zote ni za vitu vidogo mno, ingawa zinaona kwa namna zisizofanana kabisa.

AFM, yaani hadubini ya sindano, iliyoelezwa na Binnig, Quate na Gerber mwaka 1986, haina lenzi. Ina sindano yenye ncha ya nanomita kama 10 inayopapasa uso, kama kipofu anavyosoma kwa vidole. Ikigonga mahali laini mdundo wake huchelewa kwa namna moja, mahali pagumu kwa namna nyingine, na kompyuta hugeuza tofauti hiyo kuwa picha. Kwa sababu inasoma ugumu, inatenganisha polithini na polipropilini bila rangi wala kiyeyushi, na haihitaji ombwe, yaani chumba kilichoondolewa hewa, kama hadubini za elektroni. Udhaifu wake ni kwamba eneo moja huwa dogo, kwa kawaida lisilozidi mikroni 100 kila upande, na uso lazima uwe laini sana, uliokatwa kwa kisu cha mikrotomu kwenye baridi. Uso uliovunjika una milima mirefu kuliko sindano inavyoweza kupanda. Nguzo yenye matone ya mikroni 40 ukiiweka hapo, unaweza kupiga picha ya tone moja na nusu, urudi nyumbani.

TEM, hadubini nyingine ya elektroni, hupenyeza elektroni ndani ya kipande chenye unene wa nanomita 50 hadi 100. Ndiyo inayoonyesha kilicho ndani ya tone: zile chembe za mpira katika polistirini ambazo zenyewe zimebeba vijitone vya polistirini tumboni, au tabaka za udongo zenye unene wa nanomita moja zilizotawanywa ndani ya plastiki. Kati ya hizi, ndiyo inayoyaonyesha hayo kwa uwazi zaidi. Lakini ili sehemu moja iwe nyeusi kuliko nyingine lazima uitie doa. Osmio tetroksidi hushika vifungo maradufu vya mpira, rutenio tetroksidi hushika polistirini na sehemu zisizo na fuwele za polithini. Zote mbili ni sumu kali. Mvuke wa osmio unaweza kuharibu macho, na huruka wenyewe kwenye joto la chumba. Mwanafunzi asiye na msimamizi aliyewahi kuishika asiishike. Nasema hivi kwa uzito: picha ya tasnifu hailingani na jicho la mtoto wa mtu.

Kama swali lako liko juu ya mikroni moja, usipande huku. Wengi wanaoomba TEM wangetosheka na SEM, na baadhi yao na mwanga.

DSC, isiyo na picha

Kipimo cha joto cha DSC, kinachopima joto ambalo sampuli humeza inapopashwa, hakionyeshi matone, hata hivyo mara nyingi ndicho ningeanza nacho. Miligramu 5 hadi 10 tu huwekwa kwenye kisahani cha alumini na kupashwa nyuzi 10 kwa dakika. Vilima viwili, kimoja karibu na 130 na kingine karibu na 165, vinakuambia kwamba polithini na polipropilini zote zimo. Eneo la kila kilima linakupa makadirio ya kiasi, ukikumbuka kwamba polithini iliyo fuwele tupu huhitaji joule 293 kwa gramu na polipropilini 207. Kilima cha tatu karibu na 250 ni chupa za maji zilizoingia kwa bahati mbaya.

Kwa plastiki zisizo na fuwele, angalia nyuzi za joto ambapo ugumu kama wa kioo hulegea. Ukiona mahali pawili, zimetengana. Ukiona mahali pamoja tu, zimechanganyika hadi kiwango cha makumi ya nanomita, kama polistirini na polifenilini oksidi, mfano maarufu wa jozi inayopatana. Lakini DSC haitakuambia kama tone ni la mikroni 1 au 50. Nimewahi kupewa tasnifu iliyodai hivyo, na ilibidi sura nzima iandikwe upya.

Ukate wapi?

Hili linawaangusha watu kuliko uchaguzi wa mashine. Nguzo nene hupoa haraka kwenye ngozi na polepole katikati. Ngozini matone huganda yakiwa madogo, pengine yamenyooshwa kufuata mtiririko. Katikati yana muda wa kukutana na kuungana, kama yale mafuta ya mchuzi. Sampuli moja kutoka ngozini itakudanganya kwa uzuri, na moja kutoka katikati itakudanganya kwa ubaya. Kata zote mbili, na kila moja uikate sambamba na mtiririko na pia kwa kuukata mtiririko, kisha uandike kwa kalamu isiyofutika ni ipi ni ipi.

Unapopima, pima matone mia mbili au zaidi kwa programu ya bure kama ImageJ, wala usichague yale mazuri. Kumbuka pia kwamba kisu hakipiti katikati ya kila tone. Kwa matone ya duara yenye ukubwa mmoja, wastani wa duara zilizokatwa ni asilimia 79 hivi tu ya kipenyo cha kweli. Hesabu hiyo ni ya uso uliokatwa. Uso uliovunjika una tabia zake, kwa hiyo usilinganishe namba za SEM ya mwenzako na za hadubini yako ya mwanga kana kwamba ni kitu kimoja.

Kama ingekuwa pesa yangu

Plastiki za jaa zisizojulikana: DSC kwanza, kisha meza ya joto na polaraiza. SEM baadaye, kwa sampuli mbili au tatu zilizochaguliwa kwa sababu. Tasnifu juu ya kipatanishi: SEM ya uso uliovunjwa kwenye naitrojeni ndiyo uti wa mgongo, na kwa jozi yenye kiyeyushi ongeza picha baada ya kutoa plastiki moja kwa kiyeyushi hicho. Ukitaka kujua kama plastiki zote mbili zimeshikana kama bahari mbili zilizosukana, itoe moja kwa kiyeyushi hadi uzito usipungue tena, kisha upime kilichotoka. Mizani nzuri inatosha, na inajibu kwa uhakika kuliko picha, kwa kuwa picha ni bapa na kusukana hutokea pande zote tatu. Polithini na polipropilini zenye matone chini ya mikroni moja: AFM. Mpira ndani ya chembe, udongo, au utando kati ya tone na bahari: TEM, mkiwa na mtu mwenye uzoefu.

Kabla ya kupanda matatu kwenda maabara yoyote, piga simu uulize mambo matatu. Je, wana kipaka dhahabu kinachofanya kazi leo? Je, naitrojeni ipo, au uje na yako? Je, wanakubali plastiki zenye mafuta na udongo, ambazo huchafua ombwe? Nimeona mwanafunzi akirudi na sampuli zake zote kwa sababu ya swali la tatu.

Kijana wa nguzo hakwenda kwa elektroni. Kwanza tuliutazama mvunjiko kwa lenzi ya mkono, tukakuta mapovu katikati: magunia yalikuwa yameoshwa na kutiwa kwenye tanuri kabla hayajakauka. Kisha tukakata vipande viwili kwa wembe na kuviweka kwenye meza ya joto. Kwenye nyuzi 145 kile cha ngozini kilikuwa na vidoa vidogo vilivyosambaa. Kile cha katikati kilikuwa na mabonge yaliyoonekana hata kwa ukuzaji wa mara 100. Nikamuuliza ni lini aliongeza magunia.

"Tangu bei ya majerikeni ipande, mwalimu."

Sasa anayaanika magunia siku mbili kabla ya kuyatia, amepunguza kiasi chake, na kalibu ikishajaa huitumbukiza kwenye pipa la maji. Ameniahidi vipande vya nguzo mpya, ngozi na katikati, vikiwa vimeandikwa.